Mazda MX-5 ya kwanza kwa mtu anayeshika spana mwenyewe: nunua, ila anza na mipira kabla ya turbo

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnachotaka kujua ni kama gari inafaa au haifai. Inafaa. Kama unatafuta gari ndogo ya spoti ya kuitunza na kuiboresha kwa mikono yako, Mazda MX-5 ya kwanza kabisa, ile ya taa za kuchomoza inayojulikana kama NA na Japani ikauzwa kama Eunos Roadster, mi sijaona nyingine inayomkaribisha mtu wa kawaida na boksi la spana vizuri hivi. Ila kuna jambo moja nalisisitiza kuliko yote: hela yako ya kwanza isiende kuongeza kitu, iende kurudisha kile gari ilichotoka nacho kiwandani. Unakuta mtu kanunua leo, kesho kafunga springi fupi na ekzosi ya makelele, wiki inayofuata anasema mbona gari yenyewe ya kawaida tu na inaruka ruka barabarani. Huyo MX-5 hajaiendesha bado, ameendesha bushi (ile mipira ya kwenye maungio ya chini) zilizokufa na shokapu zilizochoka.

Kwa asiyeijua kifupi tu. Ilionyeshwa Chicago Februari 1989, ikatengenezwa mpaka 1997 kabla ya NB, kizazi cha pili, kuchukua nafasi. Mwanzoni ilikuja na injini ya 1.6 yenye cc 1597, kamshafti mbili za juu, valvu 16, nguvu farasi kama 115, na kuanzia modeli ya 1994 ikaja ya 1.8 yenye cc 1839 na farasi 130 hivi. Namba zenyewe hazitishi, lakini hizi 1.6 za mwanzo hazifiki hata tani moja, injini iko mbele tairi za nyuma ndio zinasukuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, na kila tairi imeshikwa na wishbone mbili, yaani mikono ya chuma, wa juu na wa chini, mpangilio ambao gari nyingi za bei hii hazijawahi kupewa. Kwahiyo utamu wake hauko kwenye kukimbia, uko kwenye kona, kwenye breki, kwenye gia inayoingia kwa kifundo cha mkono tu. Na ndio maana nasema matunzo hapa ni sehemu ya starehe yenyewe, ukiacha bushi moja ife unaisikia kwenye stelingi siku hiyo hiyo.

Spea sio tatizo kubwa. Aprili 2016 Mazda walifikisha MX-5 ya milioni moja ukihesabu vizazi vyote, na mwaka 2017 walitangaza mpango wao Japani wa kuzifufua NA pamoja na kutengeneza tena baadhi ya vitu vyake, hadi paa la turubai. Gari ya umri huu kuangaliwa hivyo na kiwanda chake ni jambo adimu na kwangu lina uzito sana kwenye uamuzi wa kununua.

Sasa ufundi wenyewe. Ukifungua boneti injini imelala kwa urefu, pembeni kuna nafasi ya mkono kuingia, na spana za 10, 12, 14, 17 na 19 zinakufikisha mbali sana. Plagi unazitoa ukiwa umesimama tu. Kitu kimoja kinachokera ni oilifilta, wameificha chini ya manifodi ya kuingiza hewa upande wa kulia, huioni vizuri, unaifuata kwa kupapasa ukipitia chini au kwenye uwazi wa tairi ya mbele. Kufunga kwa mkono tu inatosha, ukiikaza kwa nguvu zote utajuta siku ya kuifungua. Oili inameza kama lita 3.5 hivi, usimimine yote kwa mkupuo, soma dipstiki.

Kabla hujaingia chini: jeki. Mbele unapigia katikati ya krosimemba, ule mwamba wa chuma unaokatisha chini ya injini, nyuma unapigia kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma, halafu stendi unaziweka kwenye ule mkunjo wa bati wa pembeni sehemu zilizoimarishwa. Zile reli ndefu zilizopita chini ya sakafu sio za kupigia jeki, zinabonyea kirahisi na ndio maana NA nyingi ukichungulia chini unazikuta zimepondeka. Na usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hili sitaki hata mjadala.

Kazi ya kwanza ambayo mi ningempa kila mwenye NA mpya ni oili zote: ya injini, giaboksi, difu, breki na klachi. Giaboksi inataka kama lita 2 za oili ya gia ya 75W-90 daraja la GL-4, na kabla hujatoa nati ya kumwagia hakikisha ile ya kujazia imefunguka, maana ukimwaga halafu ya juu ikagoma gari imekaa hapo hapo. Watu wanaopuuza hili wanalalamika gia ya pili inagoma asubuhi, wanafikiria giaboksi imekufa, kumbe ni oili iliyochoka. Halafu pale pale kwenye gia liva kuna jambo zuri sana ambalo wengi hawalijui, chini ya liva kuna kikombe chenye oili yake peke yake, kama mililita 80 tu, na juu yake kuna kibuti cha mpira. Kibuti kikichanika joto na harufu vinapanda hadi ndani, kile kikombe kinakauka, na kibushi cha nailoni mwishoni mwa liva kinasagika mpaka gia inakuwa na uchezaji. Kifurushi cha kibuti cha chini, cha juu na kibushi ni cha bei ndogo, unafanyia kazi ndani ya gari ukiwa umekaa, na ukimaliza gia inaingia kavu kavu kwa ule mlio wake mfupi. Kama ni kupima thamani ya hela kwa raha unayopata hakuna modifikesheni inayoishinda hii, na wala sio modifikesheni.

Pedali ya klachi ukiikuta laini au inashuka chini, angalia pampu ya chini ya klachi pembeni ya giaboksi. Ni ugonjwa unaojulikana wa hizi gari. Vuta kimpira chake uone kama kuna unyevu, ukiuona badilisha, ni bolti mbili na mpira wake, kisha toa upepo. Ya juu nayo mara nyingi inafuata muda si mrefu, kwahiyo ukiweza badilisha zote pamoja.

Hili la oili kuvuja nyuma ya injini nataka kulikalia kidogo kwa sababu linawagharimu watu hela nyingi bila sababu. Unakuta oili imetapakaa pale injini inapokutana na giaboksi, mtu anaambiwa ni sili ya nyuma ya krenkishafti, giaboksi lishushwe. Ngoja kwanza. Nyuma kabisa ya silinda hedi, karibu na ukuta wa kabini, kuna sensa inayosoma mzunguko wa kamshafti na ina oringi moja ambayo kwa umri inakauka inakuwa ngumu, oili inachuruzika taratibu kwa nyuma inashukia giaboksi, na ukiangalia kwa chini huwezi kutofautisha na sili ya krenki. Anza na hii oringi, pamoja na gasketi ya kava la valvu. Sensa imeshikwa na bolti moja ya 12, nafasi ni finyu lakini inatoka. Kabla hujaigusa ichore alama pale ilipokaa, kwa sababu ukiizungusha kidogo umebadilisha taimingi ya plagi, yaani muda wa kupiga cheche. Na wakati uko huko nyuma shika shika mipira ya maji ya hita, oili inayovuja pale inailainisha mpaka inapasuka, na mpira ukipasuka sehemu hiyo hauonekani haraka.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hiyo sensa, hapo hapo ndio kuna ile modifikesheni ya bure inayopendwa na wenye 1.6. Kiwandani taimingi ya msingi ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, watu wanaipeleka 14. Unaunganisha kwa kawaya TEN na GND kwenye kile kiboksi cha uchunguzi ili kompyuta isiingilie, injini ikiwa imepata moto na inasailensi kwenye mizunguko 850 hivi kwa dakika, unabana taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba 1 na kumulika alama za puli ya mbele, unalegeza ile bolti na kuzungusha sensa kidogo kidogo. Gari inachangamka chini, inajibu haraka ukikanyaga mafuta. Ila inataka petroli nzuri, na hii injini haina sensa ya kusikia ikigonga, kazi ya kusikiliza ni yako. Ukisikia mlio wa kugonga ukiwa unapanda mlima na gia kubwa rudisha nyuma, usiache hata siku moja.

Mlio mwingine wa tik tik juu ya injini asubuhi usikutishe, ni lifta za haidroliki zinakosa oili kidogo, mara nyingi oili mpya na kuikimbiza kidogo vinaitoa.

Maji. Rejeta yenye tanki la plastiki juu, angalia rangi yake. Jipya ni jeusi, likishaanza kuwa la kahawia au kijani kibichi kilichofifia plastiki imeshachoka na itapasuka, badilisha kabla haijakuchagulia siku. Wengine wanafanya marekebisho ya kupeleka njia ya maji nyuma ya injini, kwa sababu kwenye hii gari maji yanaingilia mbele na kutokea mbele hivyo silinda ya nne kule nyuma inapata mzunguko mdogo kuliko wenzake. Mantiki yake ni ya kweli kabisa, lakini kwa gari ya barabarani isiyo na turbo rejeta nzima, themostati nzuri na kulanti safi vinatosha, usijipe kazi.

Taiming belti inabadilishwa kila kilomita 100,000 na ukiifanya weka na wota pampu, rola na sili za mbele. Habari njema ni kwamba hizi injini za NA belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni, unasimama njiani tu. Habari ambayo lazima uijue ni ya krenki yenye pua fupi. Injini za 1.6 za mwanzo, mpaka kama katikati ya 1991, pua ya mbele ya krenkishafti ni fupi na bolti yake isipokazwa sawasawa baada ya kazi ya belti, puli inachezacheza, kifunguo kinakula mfereji wake na mwisho taimingi inahama na krenki imeharibika. Kuitambua hesabu nafasi zilizo wazi kwenye puli, zikiwa 4 ni pua fupi, zikiwa 8 ni ile iliyoimarishwa. Pua fupi sio sababu ya kukimbia gari nzuri, ila kwa hiyo kazi tumia bolti mpya na toki renchi, sio nguvu ya mkono na kukisia.

Breki za mbele ni kazi ya kawaida. Za nyuma ndio zinawachanganya watu, wanabana pistoni kwa klampu kama za mbele, haziingii, wanaongeza nguvu wanaharibu. Pistoni ya nyuma imeunganishwa na handibreki kwa skrubu. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya 14 ambayo ni kifuniko tu, ukiitoa ndani unapitisha alenki (spana ya pembe sita) ya 4, ukizungusha kinyume cha saa pistoni inarudi, pedi mpya zinakaa. Kisha unazungusha kufuata saa mpaka pedi zibane diski, halafu unalegeza theluthi moja ya mzunguko. Handibreki ikiwa mbovu mara nyingi dawa ni hii tu. Mwenye 1.6 anayetaka breki kubwa zaidi anaweza kuchukua diski na mabano ya kalipa ya 1.8, ni kitu cha kiwandani kinachoingia bila kuchonga chochote, na mi nakipenda kuliko kalipa kubwa za rangi zinazokulazimisha rimu kubwa.

Haya, chini sasa, hapa ndio moyo wa gari. Bushi za NA zina umri wa miaka zaidi ya 25, mpira gani unaodumu hivyo. Ukibadilisha bushi zote za wishbone na shokapu nzuri za urefu wa kawaida, gari inabadilika kiasi kwamba unaweza kudhani ni nyingine. Ni kazi ya kuchosha, inataka presi, na kuna adui mmoja anaitwa bolti za alaimenti. Ziko 8, mbili kila mkono wa chini, zina vichwa vya yai vya kurekebishia kemba (mlalo wa tairi) na mwelekeo wake, na zinashika kutu ndani ya bomba la bushi mpaka hazizunguki tena. Anza kuzimwagia oili ya kupenya siku kadhaa kabla, zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo, ikigoma kabisa ikate na uweke mpya, iliyopakwa grisi ya kuzuia kutu. Halafu, na hapa nawasihi, bolti za bushi za mpira usizikaze gari ikiwa juu ya stendi. Zishike tu kwa vidole, shusha gari ikae kwenye tairi zake, ndio ukaze. Mpira umegandishwa kwenye vyuma pande zote mbili, ukiukaza mkono ukiwa unaning'inia, gari ikishuka mpira unabaki umejisokota muda wote, unachanika mapema na gari inakaa juu isivyo kawaida. Utaona mtu kabadilisha bushi na mwaka haujaisha zimekufa, analaumu spea.

Kuishusha? Nafasi ya shokapu kusafiri kwenye hii gari ni fupi tangu kiwandani. Springi fupi juu ya shokapu za kawaida inamaanisha gari inakalia zile raba za kuzuia mgongano, na kwenye kona yenye shimo inaruka badala ya kushika. Ukitaka kushuka shuka kidogo, na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo, na raba fupi zaidi. Baada ya hapo alaimenti ya tairi zote nne, sio mbele peke yake.

Tairi: ilitoka na rimu za inchi 14 na tairi 185/60R14. Rimu za 15 kwa upana wa 7 na 195/50R15 zinakaa vizuri sana, nati ni 4x100 (nne kwenye duara la milimita 100), tundu la kati milimita 54.1, ofseti, yaani rimu inavyoingia ndani au kutoka nje, iwe karibu na 45 ya kiwandani kama hutaki kusugua. Zaidi ya 15 unaongeza uzito kwenye gari ambayo kila kitu chake kizuri kinatokana na wepesi. Na upepo jamani, kiwanda kinasema psi 26. Watu wanajaza kama gari za kilo 1,400 halafu wanasema gari inateleza mkia na ni ngumu. Jaribu 26 zikiwa baridi, ni bure.

Kuhusu kuongeza nguvu sitakaa sana. Filta ya koni iliyo wazi kwenye 1.6 inavuta hewa moto ya injini kupitia ile mita ya hewa ya mlango ambayo ndio inabana njia, unapata sauti tu. Turbo inawezekana na gari nyingi zimefungwa, lakini inadai mfumo wa mafuta, kompyuta ya kurekebishika, maji, klachi, na difu pia maana ile ndogo ya 1.6 haipendi nguvu nyingi, ya 1.8 ni kubwa na imara zaidi. Mwenye bajeti ya hayo yote na muda, sawa, ni mradi wa heshima. Mwenye bajeti ya turbo peke yake aache. Hela hiyo hiyo ikiingia kwenye roll bar, bomba nzuri la chuma nyuma ya viti la kukulinda gari ikipinduka, mi nitakupongeza zaidi, hii gari haina paa la chuma, na tunapenda kuikimbiza kwenye kona.

Mwisho ni paa, kwa sababu paa ndio linaloamua kama bodi itaishi. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye turubai yanaingia kwenye mifereji miwili nyuma ya viti, yanapita kwenye bomba ndani ya bodi na kutokea chini mbele ya tairi za nyuma. Majani na vumbi vikiziba, maji yanafurika kwenye kapeti na ndani ya zile bati za pembeni, kutu inaanzia ndani ambako huioni. Pitisha bomba laini la plastiki taratibu, usichomeke waya mgumu ukatoboa mpira. Dirisha la nyuma la plastiki lifungue zipu na ulilaze kabla ya kushusha paa, ukilikunja litachora mistari na kupasuka. Betri nayo iko kwenye buti, kile kibomba cha kutolea gesi yake kiwe kimechomekwa, la sivyo buti inakula kutu taratibu.

Kwahiyo ukienda kuangalia NA ya kununua, injini iache ya mwisho. Piga magoti mbele ya tairi ya nyuma, pande zote mbili, bonyeza bati kwa kidole gumba na ugonge kwa kifundo ukisikiliza kama kuna paasta (ule udongo wa kuzibia bodi) chini ya rangi. Halafu mimina maji kidogo kwenye mfereji wa paa, na usimame uangalie yanatokea wapi.